Ndugu yetu amefungwa kwa moto ulioua wawili: rufaa tuianzie wapi?

Swali. Wakili, hujambo? Kitinda mimba wetu, ambaye ni wa bodaboda, amepatikana na hatia Mahakama Kuu pale Milimani: mauaji ya watu wawili na kuchoma jengo. Moto ulizuka saa nane usiku kwenye ploti ya ghorofa huko Pipeline, Nairobi. Walikufa mwanamke waliyekuwa wameachana naye, na mtoto wa jirani wa ghorofa ya juu. Ushahidi ulikuwa wa watu watatu: jirani aliyewasikia wakigombana jioni, kijana wa kituo cha mafuta aliyesema alimuuzia petroli kwenye chupa, na dadake marehemu aliyesema aliambiwa hospitalini ni nani aliyewasha. Amepewa miaka 35. Leo ni wiki ya tatu. Yeye anashikilia kwamba hakuwasha moto wowote. Wakili aliyepewa na serikali hashiki simu. Tuanzie wapi? Anaweza kupata dhamana? Na ni kweli kwamba rufaa yaweza kumwongezea adhabu?

Jibu. Dada, poleni sana. Kabla sijagusa petroli wala jirani, tuhesabu siku, maana hizo hazimngoji mtu.

Notisi ya kwenda Mahakama ya Rufaa hutolewa ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Mmeshavuka. Lakini msikimbilie kulipa pesa. Kwanza ulizeni gerezani kama hakuitoa mwenyewe. Mfungwa halazimiki kwenda kwa msajili: akimkabidhi mkuu wa gereza karatasi yake kwa wakati, inahesabiwa. Magereza makubwa kama Kamiti yana ofisi ya nyaraka, na humo utakuta wafungwa wanaozijua fomu hizi kuliko wakili wa mwaka wa kwanza. Mtu akirudi kutoka kortini na miaka 35, wenzake humwandikia notisi hata kabla hajalala. Nimewahi kuona familia ikilipa ada ya kuomba muda ilhali notisi ilikuwa imetulia kwenye faili tangu siku ya tatu. Kama kweli haipo, ombi la kuongezewa muda hufanywa chini ya Kanuni ya 4 ya Mahakama ya Rufaa. Jaji huangalia mmechelewa kiasi gani, kwa sababu gani, kama rufaa ina chochote ndani yake, na kama upande wa pili utaumia. Wiki moja, kwa mfungwa ambaye wakili wake amepotea, inaelezeka. Miezi minane ya kimya ni kazi.

Hakikisheni pia kwamba mashtaka yote yalikuwa kwenye faili moja ya Mahakama Kuu. Kosa la kuchoma jengo mara nyingi husikizwa na hakimu. Likiwa lilienda huko peke yake, rufaa yake inapanda Mahakama Kuu, na ina siku 14 zake.

Sasa rufaa yenyewe. Familia nyingi huiwazia kama kesi kuanza upya, kwamba safari hii yule jirani atabanwa vizuri. Hatabanwa, wala hataitwa. Mtakuwa na majaji watatu na rundo la karatasi: mwenendo wa kesi uliopigwa chapa, vielelezo, na hukumu. Ambalo halimo humo ni kama halikusemwa. Hata hivyo majaji hao hawaruhusiwi kupitisha tu mhuri juu ya kazi ya mwenzao. Tangu kesi ya Okeno ya mwaka 1972, mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi kwa macho. Kifungu cha 379 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu ndugu yako kubishania sheria na pia ukweli wa mambo. Mkishindwa hapo, Mahakama ya Juu haitawasikiliza kuhusu nani aliuza petroli. Huko mnaenda kwa suala la Katiba au jambo lenye uzito kwa umma wote. Kwa hiyo mabishano juu ya ushahidi ni sasa.

Haki ya kupata nakala ya mwenendo imo kwenye Katiba, Ibara ya 50(5): ndani ya muda unaofaa, kwa ada inayofaa. Uombeni kwa maandishi, na muwe na nakala ya barua iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Ukiupata, ndugu yako ausome mwenyewe akiwa na kalamu, kwa sababu yeye alikuwepo. Anaweza kukumbuka shahidi alisema "sikumwona uso" na kwenye chapa ikawa "nilimwona uso". Hutokea.

Mimi nikishika mwenendo wa kesi ya moto, sianzii kwa jirani. Jirani huvuta hisia na kumfanya msomaji asahau kuuliza swali la kwanza: moto huu uliwashwa, au ulizuka? Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwanza kwamba kulikuwa na uhalifu, ndipo uonyeshe mhalifu. Kesi nyingi za moto huruka hatua hiyo. Watu waligombana, nyumba ikaungua, basi.

Tafuta kurasa za mtu aliyekagua chumba. Ni nani? Ni mtaalamu wa moto, au ni mpelelezi aliyefika asubuhi, akanusa, akaandika "harufu ya petroli"? Alifika saa ngapi, na kabla yake wangapi walikuwa wameshaingia kuokota sufuria? Wazima moto wa kaunti waliandika ripoti? Aliitwa yeyote kati yao kuieleza? Kama waliokuwepo na wenye la kusema hawakuitwa na hakuna aliyeeleza kwa nini, kesi ya Bukenya ya mwaka 1972 inaruhusu mahakama kudhani kwamba ushahidi wao ungeudhuru upande wa mashtaka.

Halafu sampuli. Masalio ya zulia au godoro yanayopelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali yanapaswa kufungwa kwenye chombo kisichopitisha hewa, mkebe wa bati wenye kifuniko kwa mfano. Mfuko wa kawaida wa plastiki hupitisha mvuke wa petroli: iliyomo hutoka, na ya nje yaweza kuingia. Nimesoma faili ambamo godoro lilitiwa kwenye gunia, likapanda buti ya gari lililokuwa na mtungi wa mafuta, na hakuna mtu aliyeuliza swali hata moja kuhusu buti hiyo. Angalia pia kama ilichukuliwa sampuli ya kulinganisha, kutoka sehemu ya sakafu isiyoungua. Na kama Mkemia hakukuta petroli kabisa, tazama jaji alisema nini juu ya hilo. Wakati mwingine hukumu hupita kimya.

Kuna jambo la kisayansi ambalo mawakili wengi hapa hawalijui, nami nililijua nikiwa nimeshachelewa kwa mteja mmoja. Chumba kidogo chenye godoro la sponji, pazia na makochi kinaweza, dakika chache tu baada ya moto kuanza, kufikia joto ambalo kila kitu ndani yake huwaka kwa mpigo, sakafu pia. Baada ya hapo sakafu hubaki na mabaka meusi yanayofanana kabisa na mahali palipomwagwa mafuta. Huko Texas, Marekani, Cameron Todd Willingham alihukumiwa kwa moto wa Desemba 1991 uliowaua binti zake watatu, na wachunguzi walitegemea alama za namna hiyo. Aliuawa na serikali kwa sindano ya sumu mwaka 2004. Wataalamu wa moto waliopitia ushahidi ule walisema alama zile hazikuthibitisha kwamba kuna mtu aliyewasha. Kesi ya Texas haimfungi jaji wa Nairobi. Lakini kama mtaalamu wenu aliegemea "mabaka ya kumwagwa", wakili ana haki ya kuonyesha kwamba maoni ya mtaalamu ni maoni tu, na mahakama haikupaswa kuyameza bila kuuliza yamejengwa juu ya nini. Na kama mnajua kulikuwa na mtungi wa gesi au stima ya kuunga-unga, angalieni kama mtu yeyote alilisema hilo mbele ya jaji.

Ikiwa mna kitu kipya, mfano fundi aliyetengeneza nyaya za ploti ile wiki iliyotangulia, Mahakama ya Rufaa inaweza kupokea ushahidi wa nyongeza, lakini kwa masharti magumu: usingeweza kupatikana wakati wa kesi, unahusika, unaaminika, na ungeweza kutia shaka. Fundi ambaye mlikuwa na namba yake ya simu tangu mwanzo hapiti.

Tuje kwa mashahidi wako watatu.

Jirani alisikia ugomvi jioni. Moto ulikuwa saa nane usiku. Ugomvi unaonyesha sababu ya hasira, na jiji hili lina hasira kila mlango. Saa zile za katikati zimejazwa na nini kwenye ushahidi? Kama hazina kitu, wakili aseme hivyo waziwazi. Ndugu yako akiwa alieleza alikuwa wapi, si kazi yake kuthibitisha. Ni upande wa mashtaka uliopaswa kuvunja maelezo yake. Kesi ya Kiarie ya 1984 inasema hivyo.

Kijana wa petroli: je, alimjua kabla? Kama hakumjua, palifanywa gwaride la utambulisho, la kumchagua kati ya watu kadhaa, au alionyeshwa mtu mmoja tu kituoni akaulizwa "ni huyu?" Na hata tukikubali aliuza, mwendesha bodaboda kununua petroli kwenye chupa ni habari gani? Ushahidi wa mazingira, tangu uamuzi wa Kipkering arap Koske wa mwaka 1949, lazima uwe haupatani na kutokuwa na hatia, na usiwe na maelezo mengine yoyote ya maana. Pikipiki iliyozimika njiani ni maelezo ya maana, mradi aliyatoa. Kama alipohojiwa alikana kununua kabisa, na sasa mnataka kusema alinunua ya pikipiki, mtajichoma wenyewe.

Maneno ya marehemu ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu maneno ya mtu aliyekufa kuhusu kilichomuua, hata kama aliyasema bila kujua kwamba anakufa. Lakini hayakulishwa kiapo wala hayakuhojiwa, ndiyo maana kesi ya Jasunga ya mwaka 1954 ilionya kwamba kwa kawaida si salama kumfunga mtu kwa maneno hayo peke yake. Ilisema pia jambo ambalo mawakili husahau: marehemu kuyarudia kwa watu wengi kunaonyesha kwamba aliamini hivyo, hakuonyeshi kwamba alikuwa sahihi. Sasa fikiria chumba chenye moshi, saa nane usiku, stima imekatika, mtu anaamka godoro linawaka. Alimwona aliyewasha, au alihitimisha kwa sababu ya ugomvi wa jioni? Alisema "nimemwona", au alisema "ni yeye"? Maneno hayo mawili yako mbali sana, na dadake aliyeyasikia alikuwa analia. Ombeni pia kadi ya matibabu kama ni kielelezo: alipewa dawa gani ya maumivu, saa ngapi, na daktari aliandika nini kuhusu fahamu zake. Moshi wenyewe huvuruga akili kabla hata ya dawa.

Sasa sehemu ambayo familia hunikasirikia. Tuseme majaji wataona kwamba aliwasha. Je, ni mauaji?

Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu kinadai nia ovu, na cha 206 kinataja njia za kuithibitisha. Kukusudia kuua au kuumiza vibaya ni moja, na haijalishi kama aliyekufa ndiye aliyelengwa. Kwa hiyo msitegemee kusema kwamba hakuwa na ugomvi na mtoto wa juu. Kujua kwamba kitendo kitaelekea kuua au kuumiza, na kutojali, ni njia nyingine. Ya tatu ndiyo mtego: nia ya kutenda kosa kubwa la jinai. Kuchoma jengo ni kosa kubwa chini ya kifungu cha 332, adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Kwa hiyo anayewaambia "hakutaka mtu afe, basi si mauaji" amesoma nusu ya ukurasa.

Hata hivyo nia haijithibitishi yenyewe. Moto wa bweni la Moi Girls hapa Nairobi, Septemba 2017, uliua wasichana 10. Mwanafunzi mmoja alishtakiwa kwa mauaji mara 10. Mahakama Kuu ilimpata na hatia ya kuua bila kukusudia, na mwaka 2022 akapewa miaka mitano. Alikuwa mtoto, na hilo ni tofauti kubwa na ndugu yako. Ninachokitaka hapo ni kimoja: moto ukiwa umeua, jaji bado ana wajibu wa kusema nia ilitoka wapi. Someni hukumu yenu. Jaji ametaja ni njia gani ya kifungu cha 206, na kwa ushahidi gani? Au aliandika tu kwamba kila mtu anajua moto unaua? Kama ni hilo la pili, mna hoja ya kuomba hatia igeuzwe kuwa kuua bila kukusudia. Adhabu yake pia inaweza kufika maisha, lakini huko jaji ana nafasi pana ya kushuka.

Tafuteni kufuli. Nasema kweli: katika kesi za moto wa ploti, kurasa zinazotaja mlango ndizo huamua. Kama shahidi anayeaminika alisema mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, hoja ya kutokusudia imekufa na msipoteze muda wa majaji nayo. Kama ulikuwa wazi na kilichowazuia ni grili za dirisha ambazo mwenye nyumba aliweka, hadithi ni nyingine.

Ndugu yako atasema, "Wakili, nikisema sikukusudia si ni kama nimekubali?" Sivyo. Sheria inamruhusu kusema hakuwasha, na kwamba hata mahakama ikiona vingine, mauaji hayakuthibitishwa. Kinachotakiwa ni mpangilio na ulimi wenye adabu.

Kuna makosa ya utaratibu pia. La kutazamwa zaidi ni mabadiliko ya jaji. Kesi za mauaji huchukua miaka na majaji huhamishwa. Jaji mpya akichukua kesi katikati, kifungu cha 200 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka amweleze mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka mashahidi waitwe tena, na iandikwe kwamba ameelezwa. Kama haikuandikwa, ni hoja nzito, ila mjue inaelekea wapi: mara nyingi ni kesi kusikizwa upya, si mtu kwenda nyumbani. Ndugu yako aambiwe hivyo mapema.

Dhamana: iombeni mkitaka, lakini msiuze ng'ombe kwa ajili yake. Tangu kesi ya Jivraj Shah ya mwaka 1986, lazima ionekane kwamba rufaa ina uwezekano mkubwa sana wa kufaulu au kuna hali isiyo ya kawaida. Kwa mauaji, ni nadra.

Kuhusu kuongezewa adhabu, ndiyo, inawezekana. Uamuzi wa Muruatetu wa Desemba 2017 uliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, haukuiondoa hukumu yenyewe. Kwa kawaida mahakama haiongezi bila upande wa mashtaka kuomba na mrufani kuonywa. Akionywa, wakili akae naye wajadili kama waiache hoja ya adhabu wabaki na ile ya hatia. Kwa miaka 35 ya watu wawili, mmoja mtoto, mimi singeifanya adhabu kuwa nguzo. Ila angalieni kitu kimoja kidogo: kifungu cha 333(2) cha Sheria hiyo ya Mwenendo kinataka siku alizokaa rumande zihesabiwe. Kama alikaa miaka minne kwenye gereza la rumande la Industrial Area na hukumu haikusema lolote, hiyo ni miaka minne inayoombwa bila mabishano. Na kama vifungo havikuamriwa kwenda pamoja, ombeni viende pamoja, kwa kuwa moto ulikuwa mmoja.

Wakili mpya si lazima awe wa kulipwa. Kosa la mauaji bado lina adhabu ya kifo kwenye vitabu, na mfungwa asiye na uwezo anaweza kumwomba msajili wa Mahakama ya Rufaa ampangie wakili. Kuna pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2016. Akipangiwa, msiende kumwona mkiwa kumi.

Na huyo wa zamani asiyeshika simu, msimtukane kwenye WhatsApp. Hoja ya "wakili wangu hakufanya kazi" haifiki mbali kortini, lakini yeye ndiye mwenye taarifa za mashahidi walizoandikisha polisi, na hizo ndizo zinazoonyesha kama kijana wa petroli alibadilisha maneno alipofika kizimbani. Nenda ofisini kwake asubuhi, wewe mwenyewe, na barua iliyosainiwa na ndugu yako kuruhusu faili itolewe. Ukipewa, saini kwamba umepokea, na uhesabu picha za chumba hapo hapo mezani kwake. Zikiwa pungufu ya zilizotajwa kwenye orodha ya vielelezo, muulize zilizobaki ziko wapi kabla hujatoka.